Kula Mbele ya Asiyekula

Kaka,

Sisi tupo. Yule samaki wa Mama, wa kwenye tangi la maji ya chumvi, alisusa chakula tangu tulipomzika Mama mwenyewe. Nilimpa mwani, nikampa uduvi uliolowekwa kwenye maji ya kitunguu saumu, akanigeuzia mkia. Muuza samaki akasema, "Mtie mwenzake mlafi. Akimwona anakula, naye atakula." Kweli, siku ya tatu akadonoa.

Basi nami nikaketi mbele ya Baba, ambaye naye hali tangu siku ile, nikala kwa mbwembwe, huku nalamba vidole. Akanisogezea sahani yake: "Maliza na hii, mwanangu."

Mimi nimenenepa. Mkanda wa Baba nimeutoboa tundu la tatu ili umbane.

Usimtumie tena dawa za hamu ya kula. Njoo ule mbele yake.

Dada yako, mlafi wa nyumba hii