Bega la Mashine

Jumatatu, 6 Mei

Bega la kushoto tena. Na taya nalo! Hapa kiwandani kila anayekaa kwenye cherehani ana bega lake, hata jina tumelipatia – bega la mashine. Dada yangu ndiye mpiga pasi wetu. Akanikanda kwa kitambaa cha moto, akasema nazeeka vibaya. Wakacheka wote. Nami nikacheka, maana mchekeshaji wao ni mimi.

Nyumbani nilikaa kitandani na viatu mguuni. Kuvivua tu, sikuweza. Tangu tumzike mama mwaka juzi, jioni zangu ndizo hizo.

Jumatano, 8 Mei

Pumzi zilinikatika ngazini, robota la sketi mikononi. Moja kwa moja zahanati. Nilitaka dawa ya kuchua tu! Daktari, binti wa umri wa mwanangu, akaniuliza kama nalala, kama kuna kitu bado kinanifurahisha. Nikamtania. Hakucheka. Akasubiri – nami nikalia kama mtoto, makamasi na yote.

Anasema ni sonona. Tena kwa wanawake wa umri wangu, sonona ikikaa sana huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo. Moyo wenyewe, huu wa nyama! Mimi nilidhani huzuni inaishia kichwani. Wamenipima moyo.

Ijumaa, 10 Mei

Majibu yanasema nilishapata shambulio la moyo. Dogo, la miezi iliyopita. Kovu lipo! Kumbe maumivu ya bega la kushoto na taya yalikuwa ya moyo. Lini? Labda siku ile niliyotapika, dada akanikanda, tukamaliza oda. Mungu wangu, nilikuwa nashona!

Nimepewa dawa. Na mshauri wa kuongea naye.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika kwenye meza ya kukatia, wenzetu wameshatoka. Nimemweleza dada. Kusikia sonona akaangua kicheko: huo ugonjwa wa wenye nafasi, kwani yeye hakufiwa? Nikamwambia kuhusu kovu. Halafu akauliza, polepole, kama daktari alitaja pia mtu kutamani asiamke asubuhi.

Dada! Tangu lini?

Amechomoa pasi. Namwambia twende sasa hivi, zahanati haijafungwa. Anasema ngoja kwanza akunje hizi sketi.

Anazikunja kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ameuacha unaning'inia.