Ngurumo Kati ya Wimbo wa Nne na wa Tano

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Profesa wa Makochi (ndilo analojulikana nalo)
Umri: Miaka 53
Kazi: Fundi wa makochi
Makazi: Nyumba iliyo nyuma ya karakana yake

Mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu, na iandikwe kwanza kwamba bila mikono yangu nusu ya mji huu ingekuwa imekaa sakafuni. Jaji mmoja nilimshonea kochi, akalikalia asubuhi anywe chai, akaja kushtuka kesho yake mahakama nzima inamtafuta. Shule niliishia darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameshanimalizia walichonacho. Afande aliniambia nijibu nilichoulizwa. Nikamwambia ndicho ninachojibu, lazima ajue anaandika maneno ya nani.

Namfahamu huyu mnayemwita mtuhumiwa. Mimi namwita Waya, na mtaa mzima unamwita hivyo. Ni mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, na amekulia kwangu. Ni prodyuza wa muziki wa kielektroniki, yaani ule unaotengenezwa kwenye kompyuta, hapulizi mtu wala hapigi mtu. Namfahamu pia mlalamikaji, Mwenye Ukumbi. Waya aliwahi kupiga muziki ukumbini kwake, akaacha mwaka jana kwa sababu kila akipanda jukwaani bwana huyo alimtangaza kuwa ni "binti yetu wa kubonyeza vitufe."

Mnamo mwezi wa tatu mwaka huu, Waya alianza kutengeneza albamu ya mchanganyiko. Hapa nieleze, maana nimeona hata afande hakuelewa. Nyimbo si zake. Anachagua nyimbo za maprodyuza wenzake tisa, kila mmoja kwa ridhaa yake, anazipanga, kisha anaziunganisha, huu unaishia ndani ya ule, mpaka saa nzima inakuwa kitu kimoja. Mimi nilielewa papo hapo. Ni sawa na kulivika kochi moja vitambaa vya watu tisa, na atakayekaa asijue uzi umepita wapi. Waya aliposikia hivyo alisema, "Mjomba, hayo ndiyo nitakayowaambia watu wa redio." Kwa hiyo hata maelezo ya albamu ni yangu.

Kazi yote aliifanyia kwenye stoo ya karakana yangu. Stoo ile imejaa sponji kutoka sakafuni hadi darini. Ukipiga kofi humo, sauti inafia mkononi. Ndiyo maana aliipenda. Ukumbi wa mlalamikaji una bati juu na vigae ukutani, mtu akikohoa mlangoni kikohozi kinafika jukwaani na kurudi kumsalimia. Nani atarekodia humo? Katikati ya nyimbo Waya aliweka sauti za kazi yangu: mkasi ukipita kwenye kitambaa kizito, stepla ikigonga mbao, cherehani ikipandisha kona.

Kati ya wimbo wa nne na wa tano kuna ngurumo. Ni nzito, inapanda polepole, inakatika kama imekufa, halafu inarudi. Kipande hicho kilichezwa redioni na watu wakakipenda kuliko nyimbo zenyewe. Mtaani waliponiuliza, niliwaambia ni sauti yangu, besi ya kifuani, niliyomwimbia Waya kwa makusudi.

Fundi viatu jirani yangu akasema, "Besi hiyo wewe? Hebu itoe."

Nikamwambia sauti ya namna ile haitolewi ovyo juani.

Akasema, "Kweli, itachacha."

Watu walicheka. Mimi sikujali.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa sita, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Mwenye Ukumbi alifika karakanani na askari wawili. Nilimwambia asikalie kochi la mteja. Akakaa. Akafungulia ile ngurumo kwenye simu yake, akasema, "Sikieni wenyewe. Hiyo ni jenereta yangu. Amerekodia ukumbini kwangu, kwa vyombo vyangu. Albamu ni mali ya ukumbi."

Askari mmoja akamuuliza Waya, "Kama si jenereta, ni nini?"

Waya akanitazama, kisha akatazama chini. "Ni sauti ya humu humu, afande."

"Sauti ya nini?"

"Siwezi kusema. Nimemwahidi mtu."

Mwenye Ukumbi akacheka. "Amemwahidi jenereta!"

Wakaichukua laptopu yake, na albamu nzima imo humo. Waya naye wakaondoka naye. Naomba ieleweke kitu gani kinachukuliwa. Ikiamuliwa kwamba ni ya ukumbi, jina lake litafutwa litaandikwa la bwana yule, na wale tisa waliompa nyimbo zao kwa kumwamini watajua amewauza. Hakuna atakayempa tena hata mlio wa kengele.

Niliwafuata mpaka kwenye gari. Nilisema kwa sauti, mtaa mzima ukisikia, kwamba mpwa wangu si mwizi, na nitasema hivyo mbele ya afisa yeyote, awe na nyota begani au awe na mwezi na jua. Waya akaniambia kupitia dirishani, "Mjomba, usijisumbue. Nitavumilia tu." Maneno hayo hayajanishuka hadi sasa.

Nyumbani mke wangu hakunipa chakula. Alisimama mlangoni akasema, "Unakwenda kusema, au niende mimi? Maana ngurumo hiyo nimeisikiliza miaka ishirini na sita, tena bila spika."

Nikamwambia nakwenda mwenyewe. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu.

Basi andika, afande, na uandike vizuri kwa sababu sirudii. Simwogopi Mwenye Ukumbi, wala simwogopi fundi viatu, na atakayecheka acheke akiwa amekaa kwenye kochi nililomshonea. Jumapili moja ya mwezi wa nne, baada ya chakula cha mchana, nilimwambia Waya naingia stoo kukagua sponji. Niliikagua nikiwa nimelala. Maiki ilikuwa wazi. Waya aliponisikilizisha alifurahi, akataka kuandika jina langu kwenye albamu. Nilimwomba asimwambie mtu yeyote maisha yake yote, akaniahidi, na ahadi hiyo ndiyo iliyomfikisha hapa. Leo nimeifuta. Anayebisha anipe lile benchi la pale kona, na mlalamikaji alete jenereta yake, tulinganishwe.

Si jenereta. Wala sikuimba. Ni mimi nakoroma.

Ninayoyajua ndiyo hayo, na nimeyasema bila kulazimishwa.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akasema ni sahihi. Aliomba neno "nakoroma" libadilishwe liwe "napumua kwa uzito." Nilipomweleza kwamba mlalamikaji anaweza kusema jenereta nayo inapumua kwa uzito, alisema libaki lilivyo.