Sanduku Linalovuja

Mjukuu wangu Swafiya,

Salamu zako zimefika. Mamako amepona mguu, alhamdulillahi.

Waogopa kuwaambia majaji kwamba kamba mawe walifia ndani ya sanduku lenu la kuwasafirishia wakiwa hai, msije mkashindwa mashindano ya chuo.

Nilipokuwa karani kijana, tajiri wangu alinituma Kizingitini kuuza sanduku la barafu alilobuni. Mvuvi mmoja akaniuliza, "Bwana karani, hili halivuji?"

Nikatetemeka, nikajibu kwamba lavuja. Wenzake wakacheka, wakaenda zao. Yeye akachutama.

"Basi nionyeshe panapovuja."

Tukalitia maji, tukatafuta ufa pamoja.

Hakununua. Ya tajiri wangu niliporudi tuyaache. Lakini tulipotengeneza la pili, mvuvi yule alilinunua bila kuuliza neno.

Waambie, mwanangu, hata sauti ikitetemeka.

Akuombeaye kila sala,
Babu yako