Maelezo ya Karani wa Mizani Kuhusu Malori Yaliyopimwa Mara Mbili

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa jaladani. Kazini huitwa Mama Mizani
Umri: Miaka 54
Kazi: Karani wa mizani ya malori, kiwanda cha saruji
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, safu ya tatu nyuma ya kiwanda
Tarehe: 30 mwezi wa 11. Muda wa kuanza: saa 3:20 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe, hakuna aliyenikamata wala kunitisha. Nimekuja kwa sababu ya kijana mliyemfungia humu ndani tangu Jumanne, yule ambaye wapakiaji wa kiwanda humwita Darubini. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Anatuhumiwa kwamba alihongwa na kiwanda ili awashawishi wapakiaji arobaini na moja wanunue hisa, huku akijua kwamba mauzo yaliyotangazwa ni ya uongo. Hakujua. Aliyejua ni mimi. Afande ameniambia nianze mwanzo nisirukeruke, haya, naanza mwanzo.

Kazi yangu ni hii. Lori likiingia tupu nalipima. Likitoka na saruji nalipima tena, natoa tikiti, napiga mhuri, geti linafunguliwa. Tikiti yenye mhuri wangu ndiyo ofisi ya mauzo inaihesabu kuwa saruji imeuzwa. Nimekaa kwenye kile kibanda miaka kumi na tisa na sijawahi kukosea hata kilo ishirini. Sijigambi, kawaulizeni.

Mnamo tarehe 28 mwezi wa tisa, kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, nilipima malori kumi na moja yaliyojaa, nikayapigia mhuri, yakatoka. Usiku mvua ilinyesha. Kesho yake saa tatu na dakika kumi asubuhi malori yaleyale yaliingia kwa geti la nyuma, la machimboni, yakiwa na mzigo uleule, yakajipanga mbele ya mizani yangu kana kwamba hatujawahi kuonana.

La kwanza lilikuwa la dereva tunayemwita Kipara. Jana yake mzigo wake ulikuwa kilo 30,180. Siku hiyo ulisoma 30,260, na turubai lilikuwa linachuruzika maji. Nilitoka kibandani, nikapenyeza mkono nikabonyeza mfuko mmoja. Mgumu. Saruji ikinyeshewa inaganda, hata mtoto anajua.

Nilimuuliza Kipara, "Umelala wapi na mzigo wa watu?"

Akasema, "Kule kwenye uwanja wa machimbo, mama. Tumeambiwa tuzunguke turudi."

Nilimpigia simu meneja wa mauzo. Alishuka mwenyewe, viatu vinang'aa. Akaniambia, "Mama, robo ya mwaka inafungwa kesho. Mizani inapima, haiulizi." Nikamwambia saruji ile imeshakuwa jiwe. Akacheka. Akasema, "Jiwe nalo lina uzito. Piga mhuri, na ukumbuke umebakiza mwaka mmoja ustaafu."

Nilipiga. Mara kumi na moja. Andika hivyo hivyo afande, usinilainishie.

Mnamo tarehe 18 mwezi wa kumi kiwanda kilitangaza faida ya robo ile. Magazeti yakasema haijapata kutokea. Kwa kweli haijapata kutokea, saruji moja kuuzwa mara mbili!

Sasa nieleze huyu mdogo wangu. Ni karani kwenye ofisi ya wakala wa hisa. Kila Ijumaa saa saba mchana alikuja kantini yetu na simu yake, anawasomea wapakiaji soko, bure, kwa sababu anapenda kusikilizwa. Ijumaa ya tarehe 20 mwezi huo wa kumi nilikuwepo, nimekaa meza ya pili kutoka mlangoni. Aliwaambia mambo matatu. Tazama faida, inapanda au inashuka. Sikiliza watu wanasemaje, wana hamu au wana hofu. Halafu angalia bei inatikisika kiasi gani. "Bei ikirukaruka kama kuku aliyekatwa shingo," alisema, "ujue kuna mtu anajua jambo ambalo wewe hulijui."

Mpakiaji mmoja akauliza, "Na hii ya kwetu?"

"Ya kwenu imetulia kama maji ya mtungini. Faida juu, watu wanasifu, bei haitikisiki. Jamani, mnataka ishara gani tena? Malaika ashuke?"

Wakacheka wote. Mimi chakula kilinishinda. Nilikasirika afande, na mpaka leo nina hasira, lakini wakati ule nilimkasirikia yeye. Namba zote alizosoma zilikuwa za kweli, zimeandikwa, zimetangazwa. Bei ilitulia kwa sababu waliojua walikuwa wamefunga midomo. Mmoja wao alikuwa amekaa mita nne kutoka kwake anachezea kijiko.

Nilimfuata kwenye sinki la kunawia mikono. Nikamwambia, "Acha kuwaambia watu wanunue."

"Kwa nini, dada?"

"Acha tu."

"'Acha tu' siwezi kuipeleka popote, dada yangu. Nipe namba. Kungekuwa na ubaya, bei ingeshaonyesha."

Namba nilikuwa nazo. 30,180 na 30,260. Nilizimeza. Nilijiambia mwaka mmoja si mwingi, nitastaafu, kila mtu ana akili yake. Upuuzi mtupu!

Wiki iliyofuata wapakiaji walinunua. Kuna mjane anayeshona mifuko iliyopasuka, aliweka pesa ya kuezeka nyumba yake. Alipita kibandani kwangu kuniaga anakwenda mjini kununua, akaniambia, "Mdogo wako ametufungua macho." Nikamwambia safari njema. Mdomo huu huu.

Wakaguzi walikuja tarehe 20 mwezi huu, Jumatatu, saa mbili asubuhi. Waliikuta saruji iliyoganda kwenye uwanja wa machimbo, imepangwa vizuri kabisa, imefunikwa. Mpaka Alhamisi bei ilikuwa imeshuka hadi kununua na kuuza kukasimamishwa. Meneja wa mauzo hajaonekana tangu siku hiyo. Yeye hamjamtafuta kwa bidii kama mlivyomtafuta mdogo wangu, ambaye mlimkuta ofisini kwake, kwenye kiti chake, saa nne asubuhi. Afande amesema nijibu ninachoulizwa. Ndicho ninachofanya.

Afande ameniuliza: nitathibitishaje kwamba mdogo wangu hakujua? Jana wifi yangu aliniuliza hilohilo, mtoto mgongoni, nami nikajifanya sijui. Leo nasema.

Na mimi nilikuwa na hisa za kiwanda, mia sita, tulizopewa wafanyakazi wa siku nyingi. Mnamo tarehe 3 mwezi huu, Ijumaa, saa tano asubuhi, niliomba ruhusa kazini kwamba naumwa jino. Sikwenda kwa wakala wa mdogo wangu. Nilikwenda kwa wakala mwingine, ng'ambo ya barabara, nikapitia mlango wa pembeni asinione, nikaziuza zote. Stakabadhi ndiyo hii, naikabidhi.

Jumapili ya tarehe 5 tulikuwa nyumbani kwa mama yetu. Mimi na mama tulikuwa jikoni tunamenya viazi. Darubini aliingia anapiga mluzi, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, mwanao amebahatika. Juzi Ijumaa kuna mjinga katupa sokoni hisa mia sita za kiwanda cha dada. Nimezinyakua zote mwenyewe, kwa akiba yangu yote. Ni za ada ya mtoto."

Mama akasema, "Mungu akuzidishie."

Mimi nilichukua kiazi kingine.

Angekuwa anajua asingezinunua, afande. Kama mnataka ushahidi, ofisi yake ina karatasi ya kununua na mimi nina karatasi ya kuuza. Ziwekeni meza moja mzisome. Halafu mumtoe, mniweke mimi.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya, sina cha kupunguza. Nimesomewa, nimeelewa, nimetia sahihi.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)
Muda wa kumaliza: saa 5:05 asubuhi

Maelezo ya afisa aliyeandika: Shahidi alionywa kwamba anayoyasema yanaweza kutumika dhidi yake, akasema niendelee kuandika. Stakabadhi moja imepokelewa. Maelezo yake ya onyo, kama mtuhumiwa, yataandikwa leo saa nane mchana, hivyo hajaruhusiwa kuondoka. Ameomba kuonana na mdogo wake. Mahabusu alipoelezwa sababu ya dada yake kuwepo kituoni, aliuliza jambo moja tu, tarehe ya kuuza. Akatajiwa. Amesema hataki kumwona.