Mtutu Alioleta Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Juni 1977
Nimerudi kula chakula cha mchana, nikakuta mzigo chini ya kitanda. Mke wangu Ndinda anasema mama yake, Kalondu, ametoka Kalamba kuuleta na ameshaondoka. Nikafungua leso. Bunduki! Mtutu umevimba katikati kama nyoka aliyemeza panya. Kando yake mtutu mwingine, mzima. Ujumbe: mkwe abadilishe, asiulize.

Asiulize! Ningemuuliza vipi? Mama mkwe akiniona njiani anaingia kichakani, nami naingia cha upande wa pili. Nthoni, heshima yetu ya mkwe na mkwe kukwepana, ni nthoni. Aliyemtuma alilijua hilo. Mjanja!

Jumanne, 7 Juni
Kitako cha bunduki kina alama ya serikali. Basi imeibwa kwa askari wa hifadhi. Uwindaji umepigwa marufuku mwezi jana tu, na majangili hawajali. Na mdogo wangu Muli ni askari humo humo Tsavo. Nimtengenezee silaha mtu atakayempiga risasi ndugu yangu? Nikikataa, nimemuaibisha mama mkwe. Nikiripoti, nimemfunga. Ndinda ananitazama pembeni. Anajua kitu huyu.

Alhamisi, 9 Juni
Muli amepita gereji ninakofanya kazi. Ati, "Kaka, kazi ni mingi siku hizi?" Macho yote kwenye leth, mashine yangu ya kukerezea vyuma. Amenusa! Wakubwa wake wamemtuma anichunguze — mimi niliyemlea! Nikasema ni shafti za pampu tu. Akaondoka bila chai. Imeniuma.

Ijumaa, 10 Juni
Nimefanya. Ng'ang'a, mwenye gereji, alikwenda Mukuyuni, nikabaki peke yangu. Nikaufunga mtutu mpya kwenye leth, nikausawazisha mpaka ukaacha kuyumba, nikakata hesi za kuuskurubu taratibu, mafuta yakichuruzika. Hesi safi! Sijakata kama hizo tangu nilipoacha kazi kwa Mzungu mmoja fundi wa bunduki Nairobi.

Halafu pale mtutu unapokutana na komeo, nikaacha nafasi. Kidogo tu, jicho haliioni. Komeo linafunga sawasawa, lakini risasi haijashikwa. Atakayefyatua, moto utamrudia usoni. Fundi hafanyi hivyo, najua. Lakini mimi nina ndugu mmoja.

Kalondu amekuja kuchukua. Nilijibanza nyuma ya choo mpaka akapita. Ameacha kibuyu cha maziwa na shukrani nyingi. Sikuweza kuyanywa.

Jumapili, 12 Juni
Naandikia kwenye benchi la geti la hifadhi. Nikikaa bure nitapiga kelele.

Tumetoka kanisani, Ndinda anacheka peke yake. Anacheka nini? Ati sasa anaweza kuniambia. Bunduki ni ya Muli! Alianguka mtoni, mtutu ukajaa matope, akafyatua bila kuusafisha. Aliogopa kufutwa kazi, na mimi akaniogopa zaidi. "Ungemgombesha mpaka stesheni wasikie. Kwa hivyo akamtuma mama, juu mama huwezi kumuuliza." Amerudishiwa jana.

Nimekimbia na suti ya kanisa, viatu mkononi.

Askari wa geti, Mutiso, anasema kina Muli wametoka alfajiri kufuata nyayo za majangili. Nikamwambia amwite kwa redio, amwambie asifyatue.

"Kwa nini, mzee?"

Nikisema, Muli hana kazi. Na mimi sijui ni miaka mingapi ndani. Nikasema. Mtutu, hesi, ile nafasi, kwamba ni makusudi na ni mkono wangu. Mutiso ameishika redio.

Anaita. Inakoroma tu. Anaita tena.

Mlio! Upande wa mto. Mmoja.

Mutiso ameinua kichwa. "Hiyo ni bunduki ya kwetu," anasema. "Wetu huwa hawapigi risasi moja tu."

Tunasikiliza kama utakuja mlio wa pili.