Jina Lako Halitaandikwa Kwenye Kombe Lao

Mpendwa Baba Nyamizi,

Wale wa chama cha raga wamekuja tena. Safari hii hawakuja na kitambaa, wamekuja kutaka jina lako. Nimewakatalia, na kwa kuwa najua watakwenda kulieleza jambo hili kwa namna yao, nakuandikia barua hii waziwazi, nao waisome wakipenda. Nina hasira, mume wangu. Zamani nikikasirika ulikuwa unanishika mkono na kuniambia nipumue kwanza. Sasa hayupo wa kunishika, kwa hiyo nitasema yote.

Unaukumbuka mchezo wa kwanza pale Ntalikwa, nje ya mji wa Tabora? Wazungu wa reli walikuwa wameondoka muda mfupi baada ya Uhuru. Waliondoka na mipira yao, wakatuachia nguzo na majani marefu. Wewe ulijifunza raga shuleni, ukasema Uhuru haukuja ili tuachiwe nguzo tupu. Ukawakusanya vijana, mkafyeka, mkaanza. Wanawake wenzangu walikuja kutazama. Walipoona wanaume wazima wameinama, vichwa vimebanana, wanasukumana, jirani yetu Mama Kabula akauliza kama kuna mtu kapoteza sindano. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ulitoka uwanjani mdomo umepasuka, nawe ukicheka kuliko sisi, ukamaliza kibuyu kizima cha togwa niliyowaletea wote.

Fulana nilizishona mimi kwa amerikani na kuzichovya rangi ya bluu. Mlipotoka jasho rangi ikahamia mwilini, ukalala ukiwa bluu mpaka shingoni, na shuka zangu hazikurudi kuwa nyeupe. Hayo ndiyo yalikuwa magomvi yetu ya wakati ule, na laiti yangebaki hayo tu.

Kisha wakakuchagua kuwa mjumbe wa mikoa ya magharibi katika chama cha raga cha taifa. Nilijivuna, sifichi. Ulipanda treni behewa la daraja la tatu kwenda Dar es Salaam kwenye mikutano, nauli umetoa mwenyewe, umebeba na asali ya kuwapa wenyeji wako. Kila uliporudi habari ilikuwa ileile. Chama kilizoea kuishi kwa ada za vilabu vya Wazungu, na Wazungu walipoondoka ada nazo zikaondoka. Ikabidi viongozi wapige hodi kwenye makampuni. Hilo nalielewa, mwenye shida hachagui mlango. Lakini kampuni haikupi mpira kwa kukupenda. Inataka jina lake lionekane, tena lionekane kwa wanunuzi. Basi michezo yote ikahamia Dar na Arusha, sisi wa huku tukaambiwa tusubiri. Nilipouliza tunasubiri nini, ulinijibu kwa upole wako ule ulioniudhi.

"Mama Nyamizi, tusikiseme chama vibaya. Chama ni sisi."

Ulilisema neno hilo mezani, ulilisema kanisani, ulilisema kwa vijana wako walipokuja kulalamika. Likaja Azimio la Arusha, na ile kampuni ya mafuta ya kula iliyokuwa ikikifadhili chama ikataifishwa. Ulirudi nyumbani mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani. Ukasema sasa kampuni ni yetu, karanga wanazokamua ni zetu, na treni itakuja. Mimi nilikuwa nachambua hizo karanga. Nilikutazama, nikatamani uwe sahihi.

Na kweli ikaja ahadi. Timu ya Tabora itacheza Dar, kampuni italipa nauli. Hukulala kwa furaha. Siku ile ya safari sote tulikuwa stesheni. Vijana wa Ntalikwa walikuja kwa miguu tangu alfajiri, mmoja alitoka kijiji cha Choma juu ya lori la ng'ombe, ananuka kama mzigo wenyewe, na wenzake wanamtania. Kila mmoja ana kifurushi chake. Stesheni masta akakuita dirishani, akakupa simu ya maandishi. Ulipogeuka nilijua kabla hujafungua mdomo. Kampuni ilikuwa imeona hakuna faida kuleta timu kutoka mahali ambapo mafuta yake hayauzwi sana, na chama kimekubali. Treni iliingia, ikapakia watu wengine, ikaondoka mbele ya macho yetu. Vijana walianza kutukana. Wewe ukasimama juu ya sanduku, ukawaambia wasikilaumu chama, chama ni sisi. Yule wa Choma alilia wazi bila kujificha.

Nilitaka kukupiga siku ile, Baba Nyamizi. Nakwambia sasa kwa kuwa huwezi kunijibu. Walikudhalilisha mbele ya watoto wa watu, nawe ukawafunika kwa kifua chako.

Ulipougua kifua hakuja mtu. Barua ya pole haikuja. Ulilala miezi ukiuliza kama kuna habari kutoka Dar, nami nikasema posta inachelewa.

Ila ulipokufa walifika. Ungewaona. Katibu wa chama, mpiga picha na kamera yake, na bwana mmoja wa kampuni aliyevaa miwani myeusi kaburini. Tukiwa tumeweka jeneza chini, mchungaji anafungua kitabu, bwana yule akakunjua kitambaa kikubwa cha manjano na kukitandika juu yako. Kilikuwa kimechorwa debe la mafuta, na chini yake maneno makubwa ya kuwaambia akina mama kwamba chakula kitakuwa kitamu. Juu ya jeneza lako. Mwenye kamera akapiga magoti kutafuta pembe nzuri. Nilitaka kulia, sauti haikutoka. Wazee wetu wakatazamana, kwa maana wageni ni wageni, na msibani hatugombani.

Aliyeniokoa ni mtani wako Pazi, yule Mzaramo wa karakana ya reli mliyekuwa mkitukanana kila mlipokutana. Tangu asubuhi alikuwa anafanya utani wake, kakaa ukingoni mwa kaburi, anadai kaburi ni fupi na wewe ulikuwa na miguu kama ya mbuni. Alipokiona kile kitambaa akasimama, akakivuta chote, akakikunja na kukibana kwapani.

"Nyie Wanyamwezi," akasema, "babu zetu waliwaona mkishuka pwani na mizigo ya watu mabegani. Hamjachoka? Huyu kafa, bado mnamtwika mafuta ya watu?"

Watu walicheka, Baba Nyamizi. Wakacheka na machozi yanawatoka, nami nikacheka, na hapo ndipo sauti ilinirudi nikaweza kukulilia. Bwana wa miwani alidai kitambaa chake kwa ukali. Wazee wakamweleza kwamba alichokamata mtani msibani hakidaiwi, hukombolewa kwa kile anachotaka mtani mwenyewe. Pazi akasema atafikiria. Tukakuzika ukiwa na jeneza lako tu, kama ulivyokuwa mwenyewe, bila tangazo.

Tangu siku hiyo mke wa Pazi anaanikia mihogo juu ya kitambaa kile. Ni kikubwa, na kweli kinafaa.

Sasa wiki iliyopita Katibu amerudi, safari hii peke yake. Aliniamkia vizuri, shikamoo mama, nikaitika marahaba na kumkaribisha kiti, maana hukunifundisha kumfukuza mgeni. Nilimtazama nikaona amechakaa. Kola ya shati imegeuzwa upande wa pili, macho yameingia ndani. Akanieleza kwamba kampuni inaanzisha kombe na inataka lipewe jina lako, mzalendo aliyeupeleka mchezo vijijini, na mimi nipelekwe Dar kulikabidhi. Pia kitambaa kirudishwe, kwani chama kinadaiwa. Akasema mfadhili mwingine hawana. Tukikataa, mwaka huu raga hakuna nchi nzima.

Nilimuuliza kama vijana wa Tabora watacheza kwenye kombe hilo. Akatazama miguu yake. Akasema watawakilishwa.

Watawakilishwa na nani? Na wewe uliyekufa? Nilimtuma mtoto amwite Pazi. Akaja na mikono yake ya grisi, akasikiliza, akasema yuko tayari kitambaa kikombolewe, tena bei yake ni ndogo. Vijana wapande ile treni. Wakishuka Dar tu, kitambaa atakifua mwenyewe na kukirudisha. Katibu akasema hilo halimo mikononi mwake, lazima kampuni ikubali. Nikamkumbusha kwamba kampuni ni mali ya umma, nasi ndio umma, na karanga za debe lile tunazilima sisi. Akasema mama, mambo hayaendi hivyo. Halafu akatoa neno la mwisho, taratibu, kama anayenionea huruma. Alisema yeye alikuja kunijulisha kwa heshima tu, kwa kuwa kuhusu jina lako chama kilishakubali.

Hapo nikasimama. Nilisikia neno lako likitoka kinywani mwangu, lile neno nililolichukia miaka yote.

"Chama ni sisi," nikamwambia. "Na sisi hatujakubali."

Katibu akamaliza chai, akaaga. Nilimpa asali, kama ulivyokuwa ukiwapa wao.

Huenda raga ikafa mwaka huu. Watasema mjane mmoja wa Tabora ndiye aliyeiua, na waseme. Jumamosi nilikwenda uwanjani nikawakuta vijana wako wamebanana vichwa, wanasukumana, mpira umeshonwashonwa mpaka umesahau umbo la yai. Yule wa Choma ndiye anawafundisha. Nikawaambia nilichofanya, nikiogopa watanilaumu. Waliniuliza tu kama bado ninashona fulana. Amerikani nimeshanunua, na rangi safari hii nitaichemsha na chumvi.

Sina hasira nawe tena. Neno lako lilikuwa zuri, ila ulikuwa unatuambia sisi badala ya kuwaambia wao. Pumzika, Baba Nyamizi. Juu yako hakuna kitu cha mtu, ni udongo wa Ntalikwa tu.

Mkeo,
Mama Nyamizi