Tiketi ya Kumsindikiza Kaka

Jumanne, Mayfair

Sasa nitamwambia nini shemeji? Kaka Hamisi amefia ugenini, kwenye kambi ya jeshi alikokuwa mpishi, raia wa kawaida. Jeshi linalipa tiketi ya ndugu mmoja amsindikize hadi Tanga. Mjane wake kaandika jina langu kwenye fomu.

"Wewe ndiye mtu wa ndege, shemeji. Umshushe kaburini mwenyewe."

Eish! Mimi, bingwa wa viwanja vya ndege, niliyewaambia miaka yote nina pasipoti ya huku nilikohamia! Nina karatasi ya kuomba hifadhi tu. Nikivuka nayo mpaka sirudi, na wanangu wako hapa.

Nikamjibu, "Mwambie rubani anisubiri." Akacheka, maskini, mara ya kwanza tangu afiwe.

Kesho anarudisha fomu. Lazima nimpigie kabla...

Kaka, mikono ya kukupokea mle kaburini ilipaswa kuwa hii.